Sinema Niliyoisikia Nusu

Mzazi huwarithisha watoto wake mambo ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ile inayoandikwa na kushuhudiwa: shamba, ng'ombe, nyumba na jina la ukoo. Namna ya pili haiandikwi popote wala haina shahidi: wimbo, mzaha, mkono wa kupika mboga, hadithi iliyosimuliwa gizani. Kwa mali ya kwanza ndugu hupelekana mahakamani. Kwa mali ya pili sijapata kusikia mtu aliyeshtakiwa. Walakini nimekwisha kuona kwamba hii ya pili ndiyo ngumu zaidi kugawa. Shamba likipimwa hubaki shamba mkononi mwa mtoto kama lilivyokuwa mkononi mwa baba yake. Wimbo haupimwi kwa kamba. Waweza kumpa mtoto wimbo ulioupenda, naye akapokea kitu kingine kabisa. Na pengine akakurudishia wewe kitu ambacho hukujua kuwa ulikuwa nacho.

Msomaji wangu, nataka kukueleza jinsi nilivyofundishwa jambo hili na sinema moja, katika nyumba yangu hapa Kakamega, mbele ya binti yangu mwenye umri wa miaka 10 na mama yangu mzazi ambaye kichwa chake sasa ni cheupe.

Mwaka 1995 mimi mwenyewe nilikuwa na umri wa miaka 10. Siku zile televisheni zilikuwa chache mtaani kwetu, na aliyekuwa nayo alikuwa na marafiki wengi kuliko chifu. Mwenye duka mmoja alinunua televisheni na mashine ya video, akaviweka katika chumba cha nyuma ya duka lake, akapanga mabenchi, akaziba madirisha kwa magunia ili mwanga usiingie, akawatoza watoto shilingi 5 kila mmoja. Ndani ya chumba kile mlinuka mafuta ya taa, jasho na karanga za kukaanga. Paa lilikuwa la mabati, na chini ya mabati hapakuwa na dari.

Ikiwa umepata kukaa Kakamega, hapana shaka umekwisha kujua litakalofuata. Mji wetu uko jirani na msitu mkubwa, mabaki ya msitu ule wa kale uliotandaa kutoka Kongo, nao una desturi yake ya mvua. Asubuhi jua huwaka kama kwamba halitazibwa kamwe. Saa nane au saa tisa mawingu hukusanyika, upepo huja na harufu ya udongo, kisha mvua hushuka kwa ghadhabu. Onyesho la mwenye duka lilianza saa saba mchana kila Jumamosi. Sinema ilipofika katikati mvua ilikuwa juu ya mabati, ikipiga kama ngoma kumi za isukuti kwa pamoja, na mashine ya video haikuwa na sauti ya kushindana nayo. Mwenye duka hakurudisha fedha za mtu. Alisema kwamba sisi tulilipa kutazama, hatukulipa kusikia. Basi sinema zote za utoto wangu nilizipokea hivi: nusu ya kwanza kwa macho na masikio, nusu ya pili kwa macho peke yake.

Katika sinema hizo moja ndiyo iliyonishika, na hiyo ni Sarafina. Niliitazama mara tatu, na mara zote tatu mvua ilinyesha.

Yafaa nikueleze sinema hii ni nini, kwa kuwa wewe umezaliwa baada yake. Ni sinema ya nyimbo na ngoma iliyotolewa mwaka 1992, nayo ilitokana na mchezo wa jukwaani ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Johannesburg mwaka 1987. Mtungaji wa mchezo huo alikuwa Mbongeni Ngema, mtu wa Afrika Kusini aliyefariki mwaka 2023 katika ajali ya barabarani. Na katika muziki wake alisaidiana na mpiga tarumbeta mashuhuri, Hugh Masekela. Sarafina ni msichana wa shule katika mtaa wa Soweto. Anaishi mbali na mama yake, kwa sababu mama yake ni mtumishi katika nyumba ya Wazungu na analala huko huko kazini. Msichana ana picha ya Nelson Mandela, na huisemesha picha ile kama mtu anavyomsemesha mjomba wake. Shuleni kuna mwalimu wa historia, Mary, anayewafundisha watoto mambo yasiyotakiwa na serikali. Mwalimu yule anakamatwa, wanafunzi wanakataa kunyamaza, na askari wanakuja na bunduki.

Hadithi hiyo ilijengwa juu ya jambo la kweli. Mwaka 1974 serikali ya ubaguzi iliamuru kwamba watoto Waafrika wafundishwe hesabu na masomo ya jamii kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu. Wanafunzi hawakuijua lugha ile barabara, na walimu wengi hawakuijua pia. Jumatano, tarehe 16 Juni 1976, maelfu ya wanafunzi wa Soweto walitoka madarasani wakaandamana kwa miguu. Polisi wakawapiga risasi. Miongoni mwa waliokufa siku ile alikuwa Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, na picha yake akiwa amebebwa mikononi mwa kijana mwenziwe ilizunguka dunia nzima. Katika miezi iliyofuata mamia ya watu wengine waliuawa. Kwa ajili ya watoto hao, tangu mwaka 1991, tarehe 16 Juni huadhimishwa katika Afrika kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Wengi wa walioandamana, msomaji wangu, walikuwa na umri kama wako wewe unayesoma kurasa hizi.

Lakini nitakudanganya nikisema kwamba mambo hayo ndiyo niliyoyapenda nilipokuwa na miaka 10. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, na Kizulu sikukijua kabisa. Nilipenda nyimbo. Nilipenda jinsi wanafunzi wenye sare kama sare yangu walivyosimama barazani kusali, na sala yao ikageuka kuwa ngoma. Nilipenda jinsi Leleti Khumalo, msichana aliyecheza Sarafina, alivyoruka kama kwamba ardhi ilimchoma nyayo. Jumatatu shuleni tuliziimba nyimbo zile wakati wa mapumziko, tukiyatamka maneno ya Kizulu kwa ulimi wa Kiluhya, na kila msichana alitaka kuwa Sarafina. Wavulana tuliwapa kazi ya kuwa polisi, waliipenda mno. Kulikuwa na askari mmoja mweusi katika sinema, jina lake Sabela, aliyewatumikia wakubwa wake dhidi ya watu wake. Wanafunzi wanamchoma moto hata anakufa. Katika mchezo wetu jambo hili lilikuwa kilele cha furaha. Tulimzunguka mvulana aliyepewa jina la Sabela, tukamtupia majani makavu, tukacheka mpaka kengele ilipolia.

Kuna jambo jingine la mwaka ule ambalo sikulisimulia kwa mtu kwa muda wa miaka mingi. Mama yangu alifua nguo za watu. Alikwenda asubuhi nyumba hii, mchana nyumba ile, akiwa na kipande cha sabuni ndani ya leso, na jioni alirudi vidole vimekunjamana kama zabibu kavu. Siku moja nilisahau fedha za mtihani nyumbani. Mama alizileta shuleni mbio mbio, katikati ya kazi, leso yake imelowa mpaka magotini na povu la sabuni limemkaukia mkononi. Alisimama langoni akanipungia mkono. Rafiki zangu wakaniuliza, "Nani yule?" Nikajibu, "Ni mama fulani wa jirani yetu, ametumwa." Kisha nikaenda langoni, nikapokea fedha zile kama mtu anavyopokea barua kutoka kwa tarishi, nikarudi kwa rafiki zangu bila ya kugeuka nyuma.

Sikujua kama mama yangu alisikia. Kutoka pale tuliposimama hata langoni palikuwa na hatua kumi na tano hivi. Nilizihesabu mara nyingi baadaye.

Miaka ilipita. Chumba cha video kilifungwa, kikawa kinyozi, kisha kikawa duka la simu. Mimi nilisoma kwa fedha za sabuni ile, nikapata kazi ya ukarani, nikaolewa, nikajaliwa binti. Mama yangu aliacha kufua mgongo wake ulipokataa kuinama, naye sasa anakaa nami. Binti yangu humwita Kukhu, kama watoto wa kwetu wanavyowaita nyanya zao.

Binti huyu alipotimiza miaka 10, niliona wakati umefika wa kumpa urithi wangu. Nilimwomba kijana mmoja wa nyumbani aitafute Sarafina katika intaneti, akaniletea ndani ya kifaa kidogo kuliko kidole cha mwisho. Niliandaa shughuli ile kama mtu aandaavyo arusi. Nilikaanga karanga ili harufu iwe ile ile. Nilimwambia mwanangu kwamba ataona nyimbo ambazo hajapata kuona mfano wake. Kukhu aliketi pembeni na ungo wa maharagwe magotini, akiambua, kwa maana yeye hajui kukaa mikono ikiwa mitupu. Mvua ilianza kunyesha, lakini nyumba yangu ina dari, na mvua juu ya dari ni mnong'ono tu.

Basi sikiliza yaliyonipata. Nyimbo zilipoanza, mimi niliimba. Binti yangu alinitazama mimi badala ya kutazama sinema. Wimbo wa pili ulipokuja aliniuliza kama karanga zimebaki jikoni. Wimbo wa tatu ulipokuja, ule niliodhani utamnyanyua kitini, alipiga miayo. Nilihisi uchungu ambao sikuutazamia. Ilikuwa kama kumpeleka mgeni kwenye kisima cha utoto wako, ukamchotea maji kwa mikono miwili, naye akasema kwamba hana kiu.

Baadaye hadithi ikafika kwa askari Sabela. Nilikuwa nimesahau. Naam, nilikumbuka majani makavu na vicheko vya uwanjani, lakini moto wenyewe na sauti ya mtu yule nilikuwa nimevisahau; au tuseme sikupata kuvisikia, kwa kuwa mvua ya mwaka 1995 iliniziba masikio. Sasa nilisikia. Binti yangu aliacha kutafuna. Alishika mkono wangu akauliza, "Mama, huyu askari ana watoto?"

Nikamwambia kwamba Sabela alikuwa mtu mbaya, kwamba aliwasaliti wenziwe.

"Najua," akasema. "Nauliza kama ana watoto."

Nilisimamisha sinema. Msomaji wangu, hapo nilikuwa na njia mbili mbele yangu. Ningeweza kuizima mashine na kusema kwamba mambo haya si ya umri wake, na pengine ningekuwa sahihi. Maana sinema hii ina mambo mazito, na mbele yetu kulikuwa bado na gereza na mateso. Lakini nilifikiri hivi: nikiizima sasa, mtoto atalala na moto ule peke yake, bila ya kujua kilichofuata. Jambo la kutisha lililokatwa katikati hukua usiku. Nikachagua njia ya tatu. Nilimweleza kwanza yatakayokuja, nikamwambia ni yapi tutakayoyaruka, nikamwachia yeye aseme kama twendelee. Akasema twendelee.

Nilimweleza pia jambo moja ambalo nililisoma baada ya kukua. Mtu aliyecheza askari yule anayechukiwa na wote alikuwa Mbongeni Ngema, mtungaji mwenyewe. Yeye aliyezitunga hadithi na nyimbo angeweza kujichagulia sehemu ya shujaa, au ya mzee mwenye hekima. Alijichagulia sehemu ya msaliti. Sijui alikuwa na nia gani moyoni, lakini sinema yenyewe haikumwacha Sarafina astarehe baada ya mauaji yale. Msichana yule anasumbuka. Chuki iliyoiteketeza nyumba ya adui imeacha moshi katika nguo zake pia. Mimi, baada ya kuitazama mara tatu, sikuuona usumbufu ule. Mtoto wangu aliuona mara moja, kwa swali la maneno machache.

Tuliyaruka mateso ya gerezani kama nilivyoahidi. Tukafika mahali Sarafina anapotolewa, naye anakwenda kwa mama yake katika nyumba ya Wazungu. Hapa yanipasa nikurudishe nyuma kidogo. Mapema katika hadithi Sarafina humwonea mama yake haya. Humwona kuwa mnyonge, mtu wa kusema ndiyo na kupiga pasi, hali wengine wanapigana. Sasa, baada ya kuonja kifungo, anamwendea mama yake na kukiri kwamba ushujaa wake hakupata kuuona: ule ushujaa wa kuamka kila siku na kuwalisha watoto kwa kazi isiyoimbwa na mtu. Sehemu hii huja karibu na mwisho. Katika chumba cha mwenye duka mvua ilikuwa juu ya mabati wakati huo, mara zote tatu. Niliona wanawake wawili wakikumbatiana, nikadhani ni kwaheri tu. Kwa muda wa miaka thelathini niliipenda sinema ambayo neno lake kubwa sikupata kulisikia.

Aliyecheza mama yule ni Miriam Makeba, na yafaa umjue. Alizaliwa mwaka 1932 karibu na Johannesburg. Mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani, na yeye mwenyewe katika ujana wake alipata kufanya kazi kama hiyo kabla ya sauti yake kumtoa. Mwaka 1960, akiwa Marekani, mama yake alifariki. Alipotaka kurudi kumzika akaambiwa kwamba pasi yake imefutwa na hana ruhusa ya kuingia nchini kwake. Alikaa ugenini miaka 30 hivi, akiimba kwa lugha nyingi, hata Kiswahili chetu, mpaka mwaka 1990 milango ilipofunguliwa. Kwa hiyo mwanamke anayefumbata binti yake katika sinema ile ni mwanamke ambaye hakupewa nafasi ya kumfumbata mama yake kwa mara ya mwisho. Sidhani kwamba machozi yake yalitoka katika karatasi ya mchezo peke yake.

Binti yangu alitazama kimya. Kisha akauliza, "Mama, kwa nini alimwonea mama yake haya? Si alikuwa anamfanyia kazi yeye?"

Nikasema kwamba watoto wakati mwingine hawaelewi.

"Wewe ulipata kumwonea Kukhu haya?"

Ningeweza kusema hapana. Mtoto angeamini, na nyanya yake asingenikanusha mbele yake. Nilitazama ungo wa maharagwe. Vidole vya mama yangu havikusimama. Nikasema, "Ndiyo. Mara moja." Nikasimulia yote: fedha za mtihani, leso iliyolowa, lango, na jibu langu. Nilisimulia nikimwelekea mtoto, lakini nadhani kila mtu chumbani alijua ni nani niliyekuwa nikimweleza.

Nilipomaliza, mama yangu aliambua ganda moja, akalitupa, akasema, "Nilisikia."

Sikuweza kuinua uso.

"Nilisikia siku ile ile," akasema. "Nikarudi kufua. Nguo zilikuwa bado hazijaisha, na karo yako ilikuwa bado haijatimia."

"Hukusema kitu, Mama."

"Ningesema nini? Ulikuwa mtoto. Mtoto akikukanyaga gizani humpigi, unangoja pakuche." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Washa tena, mjukuu wangu. Nataka kuona yule mama anamjibu nini binti yake."

Binti yangu aliwasha. Lakini hakurudi kuketi karibu nami. Alikaa sakafuni karibu na Kukhu, akachukua konzi ya maharagwe, akaanza kuambua vibaya sana, nusu yakiruka chini ya kiti. Kukhu hakumkosoa. Sinema ilimalizika kwa wimbo na ngoma kama ilivyoanza, nami safari hii sikuimba.

Katika ngoma ya isukuti ya ndugu zetu wa Isukha na Idakho kuna ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina sauti yake. Shirika la UNESCO liliiweka isukuti mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa upesi, kwa hofu kwamba vijana hawaipokei tena kutoka kwa wazee wao. Nami, nilipokuwa nikimlazimisha binti yangu apende nyimbo zangu, nilikuwa na hofu hiyo hiyo katika nyumba yangu. Lakini nilisahau jinsi ngoma zile zinavyopigwa. Ngoma ndogo hairudii mapigo ya ile kubwa. Inasikiliza, kisha inajibu kwa mapigo yake yenyewe, na hapo ndipo isukuti inapokuwa isukuti. Anayetaka ngoma zote tatu zilie sauti moja ataharibu ngoma, na wachezaji watakwenda zao nyumbani.

Juma moja baada ya usiku ule niliwasikia watoto wakizungumza kwenye bomba la maji. Binti yangu alikuwa akiwasimulia wenziwe sinema. Hakutaja nyimbo. Alieleza habari ya mama anayefanya kazi mbali, na ya askari ambaye hakuna aliyejua kama alikuwa na watoto. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Kisha, alipokuwa akirudi na ndoo yake, nilimsikia akivuma kwa pua ule wimbo uliompigisha miayo. Mapigo aliyaacha nusu, maneno aliyaharibu yote. Sikumsahihisha.

Nawe, msomaji wangu kijana, niruhusu nikuachie shauri, kwa maana desturi ya wazee ni kutomwacha mtu aondoke mikono mitupu. Mzazi wako akikuita siku moja akisema, "Njoo utazame kitu nilichokipenda nilipokuwa kama wewe," usikatae hata kama kitu kile ni cha kizamani na picha zake zinatetemeka. Si lazima ukipende. Yeye mwenyewe huenda alikisikia nusu, na nusu iliyobaki inangoja masikio yako. Uliza swali lililo moyoni mwako, hata likiwa gumu, lakini uliuze kwa adabu. Na ikiwa kuna mtu aliyesimama langoni pako siku moja na leso iliyolowa, nawe ukamkana mbele ya rafiki zako, usingoje miaka thelathini kama nilivyongoja mimi. Hatua kumi na tano si nyingi. Geuka, uzitembee.